Inveta za sola megawati 5 huku Mbeya: moja kubwa au ndogo nyingi, ipi inashusha gharama kweli?

Jua_la_Uyole

Habari za saa hizi wakuu. Kamwene kwa wana Iringa, na wa nyumbani Mbeya ndaga. Naomba msaada kwa mnaojua sola kubwa, sio zile za kuwasha taa na redio, nazungumzia mtambo wa kuuza umeme kwenye gridi.

Niko na kampuni ndogo, tuna eneo ukanda wa Uyole, simu inasoma mita 1,700 na kitu toka usawa wa bahari. Mpango ni megawati 5 upande wa AC (umeme wa gridi, baada ya inveta kuubadilisha ule wa DC wa paneli) na paneli za megawati 6.5, tunaingia kwenye laini ya kilovolti 33 ya TANESCO inayopita jirani hapo. Tuko chini ya megawati 10 kwa hiyo tunapita njia ya EWURA, mdhibiti wa nishati, ya wazalishaji wadogo, mambo ya mkataba yana watu wake, mimi nimeachiwa vifaa.

Sasa mezani zipo kotesheni mbili. Wa kwanza analeta inveta moja kubwa ya kontena, imeungwa na transfoma yake humo humo, bei kwa wati iko chini na anasema inapitisha umeme vizuri zaidi kwa asilimia 0.3. Wa pili analeta inveta 16 za stringi (stringi ni safu ya paneli zilizoungwa mfululizo), kila moja kilowati 330, zinafungwa kule kule shambani kwenye nguzo za paneli, na bei yake iko juu kidogo. Bosi keshaamua kichwani, anasema inveta ni inveta, chukua ya bei ndogo hela inayobaki tuongezee paneli. Mimi roho inasita ila sina hoja ya kumwekea mezani, na yeye ni mtu wa namba, ukimwambia "nahisi" anakufukuza ofisini.

Je kwenye mitambo ya hivi gharama inashushwa na nini hasa, bei ya inveta yenyewe au kuna kitu kingine sikioni? Na hiyo ya mwinuko na baridi ya huku ina shida yoyote au ni hadithi tu za mafundi?

chaji_bila_kikomo

Mkuu megawati 5 halafu unauliza huku? Tafuta konsalta ulipe.

Jua_la_Uyole

Konsalta yupo mkuu, ila kaletwa na mmoja wa hao wauzaji, unaelewa sasa.

Binti_Mafinga

Hahaha hapo umemaliza kila kitu kaka.

Ngoja nikupe namba za bosi, kaa naye uzipige mbele yake kwa kalkuleta. Paneli zako megawati 6.5, siku ya jua zuri mwezi wa saba huku kwetu nyanda za juu kila kilowati ya paneli inapata kama masaa matano na nusu ya jua kamili, ukitoa hasara za joto na vumbi na nyaya unabaki na yuniti kama 29,000 kwa siku. Kwa mwaka mzima ukichanganya na masika chukulia yuniti milioni 10 hivi. Sasa ile asilimia 0.3 anayojisifia muuzaji wa kwanza ni yuniti 30,000 kwa mwaka. Umeona? Inveta moja ikilala siku moja na kidogo tu kiangazi, faida yote ya mwaka ya hiyo 0.3 imeondoka. Na haitalala siku moja. Kadi ikiungua utaandika barua pepe, watakwambia watume picha za kioo, halafu watume logi, halafu spea iko bandarini, halafu fundi wa kampuni yuko nchi nyingine anasubiri viza. Wiki moja ni yuniti laki mbili zimepita juu ya paneli zako bila kulipwa hata senti.

Kwenye zile 16 ikifa moja umepoteza moja ya kumi na sita, yaani yuniti kama 1,800 kwa siku, inauma lakini mtambo unaendelea kuingiza hela. Unakuwa na inveta moja ya akiba stoo, ina kilo mia na kitu, watu wanne wanaibeba, mnaifungua ile mbovu mnafunga nzima, kabla ya jioni imewaka. Mbovu unaituma kwa waranti kwa muda wako.

Kwa hiyo kaka mwambie bosi swali sio bei kwa wati. Inveta yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama ya mradi mzima ukilinganisha na paneli, vyuma, ardhi na kazi za ujenzi, lakini ndiyo inayoongoza kwa kuita mafundi. Kipimo ni bei ya kila yuniti iliyouzwa mpaka mkataba uishe, na kinachoichezea sana hiyo namba kwa sehemu iliyo zaidi ya kilomita 800 toka Dar ni masaa ambayo kifaa kimelala kinasubiri mtu. Ila usinielewe vibaya, ndogo nyingi nazo zina mambo yake, kebo za AC ni nyingi, miunganisho ni mingi, na kila muunganisho ni mahali pa kuungulia.

mzee_wa_kitonga

Binti umeongea vizuri ila umepiga upande mmoja. Mimi nimezunguka na mitambo mikubwa ya AC na nimekaa na hizi inveta za kontena, naomba niseme ya upande wao.

Kwanza hizi kubwa za siku hizi sio kipande kimoja, ndani zina moduli kadhaa za nguvu, ikifa moja inatengwa zilizobaki zinaendelea. Ikipatikana bodi na feni na fyuzi za akiba pale pale na fundi anayeishi hapo, kubwa inakuwa na amani sana, unakagua sehemu moja umemaliza, sio kuzunguka shamba zima na tochi. Ndo maana ukienda kwenye megawati 50 au 100 hesabu inageuka. Ule mradi wa Kishapu kule Shinyanga, megawati 150 kwa awamu na awamu ya kwanza 50, kiwango kile unaweza kuajiri timu nzima ya kudumu na stoo ya spea, gharama inagawanyika kwa yuniti nyingi. Wewe wa megawati 5 huwezi kuajiri injinia wa umeme wa nguvu akae Uyole mwaka mzima asubiri kitu kiharibike.

Pili nasikia watu wanasema sijui kontena halipandi mlima wa Kitonga. Hiyo hoja ifutwe. Hata ukinunua hizo ndogo 16, transfoma ya kupandisha kwenda 33 unaihitaji, na transfoma ya MVA 5 na mafuta yake itapanda Kitonga hiyo hiyo na kreni ya kuishusha utaikodi hiyo hiyo.

Tatu, na hili muulize muuzaji wa pili akiwa amekaa chini: hizo stringi zinatoa AC ya volti 800, sio 400 tuliyozoea. Ni jambo zuri, kwa kilovolti-ampia 330 unapata ampia kama 240 badala ya 480, kebo inakuwa nyembamba. Lakini breka ya 800 huipati Mwanjelwa wala Kariakoo dukani ukiamka asubuhi. Fundi wako wa kijijini ataona breka imekufa ataweka ya 400 aliyonayo kwenye buti la gari. Na upande wa DC ni volti 1,500, fyuzi za kule ni za DC za sola, ukichomeka ya AC inayofanana umbo ikikatika cheche haizimi, inaendelea kuwaka kama welding mpaka boksi linayeyuka. Nishaona boksi la hivyo, plastiki imetiririka mpaka chini kwenye nyasi na nyasi zilikuwa kavu, mwezi wa kumi, bahati upepo haukuwepo.

Kwa hiyo mimi kwa megawati 5 na mimi ningesema ndogo nyingi, lakini sio kwa sababu kubwa ni mbaya. Ni kwa sababu huna watu.

Jua_la_Uyole

Shikamoo mzee, hiyo ya breka sikuwa naifikiria kabisa. Naomba kuuliza, kwa nini wanang'ang'ania hizo 1,500? Kuna muuzaji wa tatu alinitajia za 1,000, vifaa vyake bei nafuu.

mzee_wa_kitonga

Marahaba. Hesabu ya shule tu: nguvu ile ile, volti ikipanda toka 1,000 kwenda 1,500 mkondo unashuka kuwa theluthi mbili, na hasara ya joto kwenye waya inakwenda na mkondo mara mkondo kwa hiyo inabaki kama asilimia 44 ya ile ya mwanzo kwa waya ule ule. Na unaweka paneli nyingi zaidi kwenye stringi moja, kwa hiyo viunganishi na maboksi vinapungua. Za 1,000 ziache kwa mapaa ya viwanda.

Rujewa_Umeme

Sasa mimi nije kwenye mwinuko na baridi maana naona mnapita juu juu na hapo ndo pesa ya huku inapotea kimya kimya.

Baridi. Paneli ikipoa volti inapanda. Chukua paneli yenye volti 50 ikiwa wazi (haijavutwa mzigo) kwenye nyuzi 25, nyingi zinapanda kama asilimia 0.25 kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Mbeya mwezi wa sita na wa saba alfajiri nyuzi 5 ni kawaida, hata chini ya hapo. Kwenye nyuzi 5 hiyo 50 imekuwa 52.5. Ukipanga paneli 28 unapata 1,470, uko salama chini ya 1,500. Ukipanga 29 unapata 1,522. Na muda mbaya ndio ule jua linachomoza, paneli bado ya baridi ya usiku, mwanga umeshaipiga, inveta haijaanza kuvuta mzigo, stringi iko wazi volti zote zipo pale. Ukichukua mchoro wa sehemu ya joto ambako alfajiri haishuki chini ya nyuzi 12, pale 29 inaingia kwa tabu, 1,497. Mtu ana-copy mchoro anauleta Uyole na inveta inakula kitu ambacho waranti haikifuniki, kwa sababu ikipitiliza volti mashine yenyewe inajiandikia kwenye kumbukumbu na kiwanda kinasoma.

Hewa. Wengi wanasema huku baridi kwa hiyo inveta itapoa vizuri. Nusu kweli. Hewa ya mita 1,700 uzito wake ni kama asilimia 85 tu ya ile ya pwani, feni inazunguka vile vile lakini inabeba joto kidogo. Nyuzi za nje zinakusaidia, hewa nyepesi inakurudisha nyuma. Inveta nyingi kubwa zina jedwali, joto huku mwinuko huku, inakuonyesha zinashusha nguvu kuanzia wapi. Omba hilo jedwali, usikubali karatasi ya mbele yenye picha nzuri. Na hiyo 330 yenyewe angalia imeandikwa kwenye nyuzi ngapi, nyingi namba kubwa ni ya nyuzi 30 na kwenye 40 inashuka.

Lakini kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau ni swichigia (makabati ya swichi na breka) na transfoma upande wa 33, sio inveta. Viwango vya kimataifa vya IEC vinachukulia kawaida ni mpaka mita 1,000. Juu ya hapo uwezo wa hewa kuzuia cheche unapungua, inabidi uongeze kiwango cha insuleshini, kwa mita 1,700 ni karibu asilimia 9. Vifaa vya daraja la kilovolti 36 vinavyopimwa kwa mshtuko wa radi wa kilovolti 170, wewe unahitaji kama 185, au uchukue swichigia iliyofungwa kwa gesi ambayo sehemu zenye umeme hazigusi hewa ya nje, ila hata hapo usisahau busha (vihami pale umeme unapotokea nje) na viunganishi vya nje. Muuzaji wa kontena anakuletea kila kitu kimoja na kila mtu anadhani kimeshahesabiwa. Muulize kwa maandishi.

Na radi zenyewe mnazijua, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne. Kinga za mshtuko pande zote mbili DC na AC, na ethi moja iliyoungana shamba zima, sio kila inveta na kifimbo chake.

Binti_Mafinga

Kaka Rujewa umenifurahisha hapo kwa 28 na 29. Niongezee kidogo kwenye paneli, maana bosi anasema hela ya inveta ikibaki waongeze paneli. Hiyo peke yake si wazo baya. Paneli siku hizi ni kitu cha bei ndogo na kinachokubana ni megawati 5 za mkataba, ukiongeza DC unaitumia transfoma na laini na inveta ile ile kwa masaa mengi zaidi, asubuhi na jioni na masika wakati mawingu yamekaa. Kwa hiyo bei ya yuniti inashuka mpaka mahali fulani.

Shida ni hilo "mahali fulani" kwa huku haliko pale pale lilipo Dodoma au Mtera. Sehemu ya joto paneli inafika nyuzi 60, kwa paneli ya asilimia 0.35 kila nyuzi unapoteza kama 12 kwa mia, kwa hiyo megawati 6.5 zako za makaratasi zinakuja kama 5.7 kabla hata ya vumbi. Uyole paneli ikiwa kwenye 45 unapoteza 7 tu, zinakuja 6 na kitu. Inveta ni ya 5, inakata kilele. Yaani uwiano ule ule wa 1.3 (6.5 kwa 5) huku unatupa umeme mwingi zaidi mchana kuliko kule chini. Bado sijasema zile siku za mawingu yaliyokatika katika, jua likitokea pembeni ya wingu mwanga unazidi hata ule wa kipimo cha kiwandani kwa dakika kadhaa. Sikuambii ushuke mpaka 1.1, nasema fanya hesabu kwa saa, kwa data ya hapo hapo, sio ya mji mwingine, halafu uone paneli ya mwisho unayoongeza inalipa au inapamba tu.

Jua_la_Uyole

Dah. Hii ingekuwa semina ningelipia. Kuna mtu wa TANESCO alitupitia akasema pawa fakta 0.95 pande zote mbili, hiyo inagusa inveta au ni transfoma?

Rujewa_Umeme

Inagusa inveta moja kwa moja. Pawa fakta ni sehemu ya nguvu yote (MVA) inayofanya kazi kweli (megawati), na VAR ni ile inayokwenda na kurudi tu bila kufanya kazi. Ukitakiwa kutoa megawati 5 kamili huku pawa fakta ni 0.95, inveta zako zote pamoja zinatakiwa MVA 5.26. Piga 16 mara 330 ni 5.28, ndo maana yule wa pili kakuwekea 16 na sio 15, anajua anachofanya, ila hana pumzi ya ziada kabisa siku ya joto, na pia kuna VAR zinazoliwa na transfoma na kebo zenyewe maana kipimo kiko kule laini inapoungana. Yule wa kontena la 5 muulize ni megawati 5 au MVA 5. Kama ni MVA 5, kwenye 0.95 unapata 4.75 tu na mkataba unasema 5. Hapo "bei kwa wati" yake imeshabadilika.

Tena kwa fida (laini za usambazaji) ndefu za 33 za vijijini hili la VAR sio mapambo, mchana jua kali na mzigo ni mdogo volti mwisho wa laini inapanda, inveta isiposhusha kwa kuvuta VAR inajizima yenyewe kwa volti kuzidi, inarudi, inajizima. Unakaa ofisini unaangalia grafu imekuwa meno ya msumeno.

mzee_wa_kitonga

Na ulizia laini yenyewe inakatika mara ngapi. Gridi ikizima inveta inatakiwa izime, ni sheria ya usalama wa wale vijana walioko juu ya nguzo, haina majadiliano. Kwa hiyo masaa ya laini kukatika mchana ni hasara yako hata uwe na inveta ya dhahabu, isipokuwa mkataba useme unalipwa. Pata kumbukumbu za kukatika za fida hiyo kabla hamjabishana kuhusu asilimia 0.3. Nimeona watu wanagombana wiki nzima kuhusu ufanisi wa inveta, kumbe fida inalala kila mvua ikinyesha kwa sababu ya matawi ya miti tu.

chaji_bila_kikomo

Nimesoma yote, nafuta kauli ya konsalta 😂 Swali la kizushi: kebo za shaba hapo shambani zitapona kweli? Maana kwetu hata waya wa ethi wa mnara umeondoka.

Binti_Mafinga

Aluminiamu kwa AC zote za kwenda kwenye transfoma, bei nafuu na mwizi haimvutii sana, ila lagi ziwe zile za kuunganisha aluminiamu na shaba na zikazwe kwa kipimo cha rinchi, sio kwa nguvu za mkono. Mwaka wa kwanza pita na kamera ya joto mchana mzigo ukiwa juu. Viunganishi vya paneli visichanganywe vya kampuni tofauti hata kama vinaingiana, vitakuja kuungua. Na ziba mashimo ya kebo, panya wa huku wanapenda joto la inveta usiku.

Jua_la_Uyole

Wakuu mrejesho. Niliwatumia wote wawili maswali kwa maandishi kama mlivyonielekeza, na bosi nikamwekea ile hesabu ya yuniti 29,000 kwa siku dhidi ya 30,000 kwa mwaka. Alinyamaza akaomba kalkuleta apige mwenyewe, akapiga mara mbili. Halafu akasema haya, nani mwenye fundi karibu.

Wa kontena kajibu ni MVA 5, sio megawati 5, akataka kuongeza kontena dogo pembeni na bei mpya. Jedwali la mwinuko kasema linakuja kutoka kiwandani, mpaka leo naandika hapa halijaja. Wa stringi jedwali kaleta siku ile ile, ila nilipofungua mchoro wake nikakuta stringi za paneli 29. Nikamuuliza joto la chini umechukua ngapi, akasema wametumia mchoro wa mradi wao mwingine. Kasema atarekebisha.

Bosi sasa anaegemea zile 16 lakini anataka ziwe 17 zinazofanya kazi zote badala ya 16 na moja ya stoo, anasema kwa nini nilipie kitu kikae gizani. Hapo mnasemaje?

Rujewa_Umeme

Anaongea la maana kiasi, maana 17 zinakupa 5.61 na hapo VAR na joto la mchana haviwezi kukubana, na ikifa moja unabaki na 16 bila haja ya kukimbia. Ila kidhibiti cha mtambo kiwekwe kisivuke megawati 5 za mkataba, na umwambie TANESCO mapema idadi imebadilika maana walichokipitia kwenye michoro ni 16. Stoo akinunua feni, kinga za mshtuko, breka mbili za 800 na bodi ya mawasiliano, atakuwa sawa.

Paneli ziwe 28. Kwenye hesabu waambie waweke nyuzi sifuri, inatoka 1,487, bado iko ndani.

mzee_wa_kitonga

Naunga mkono 17. Mengine mawili muingize kwenye mkataba wa ununuzi kabla hamjatoa advansi. La kwanza nywila ya fundi ya kuingia kwenye inveta ikabidhiwe kwenu siku ya kuwasha, maana kuna wauzaji wanabaki nayo, kila ukitaka kubadili seti ya volti unapiga simu unalipia. La pili dhamana ya upatikanaji, asilimia 98 au 99 ya masaa ya jua, na wakishindwa wanalipa kwa yuniti zilizopotea na sio kwa kuongeza miezi ya waranti. Waranti ya kawaida ni miaka 5, uliza bei ya kuifikisha 10 sasa hivi wakati bado wanakubembeleza. Na kwenye hesabu ya mradi wa miaka 20 na ushee weka pesa ya kubadilisha inveta mara moja, feni na kapasita haziishi milele. Kama bosi hajaiweka hiyo, bei yake ya yuniti sio ya kweli bado.

Jua_la_Uyole

Hajaiweka. Nimefungua jedwali lake la Excel sasa hivi, inveta imeandikwa mwaka wa kwanza tu. Ndaga fijo wote, narudi kwake kesho asubuhi kabla hajasafiri Dar.